Mwanya wa Paa: Ubunifu wa Nyumba, Ubongo na Afya katika Ufuo wa Ziwa Mweru

Ikisiri

Mijadala ya kitaaluma kuhusu uhusiano wa majengo na ubongo imejikita zaidi katika ofisi, hospitali na shule za miji yenye utajiri. Makala haya yanauhamishia mjadala huo kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Mweru, kutoka Nchelenge hadi Puta, kaskazini mwa Zambia. Huko, nyumba huufikia ubongo wa mkaazi wake kupitia vitu inavyoviruhusu kuingia na vile inavyoshindwa kuvitoa: mbu, moshi, joto na uchafu wa sakafu. Kwa kupitia tafiti zilizochapishwa kutoka Zambia, Uganda, Kenya, Malawi, Tanzania, Gambia na kwingineko, makala yanaonesha kwamba sehemu moja ndogo ya nyumba, yaani mwanya ulio kati ya ukuta na paa, hufanya kazi tatu zinazokinzana. Kuuziba bila kufikiria kazi nyingine mbili huweza kubadilisha aina ya madhara badala ya kuyaondoa. Tunahitimisha kwamba sera ya nyumba za vijijini ni sehemu ya sera ya afya ya ubongo na ya elimu, na kwamba nyumba inapaswa kutazamwa kama mfumo mmoja.

Maneno makuu: ubunifu wa nyumba, ubongo, malaria, moshi wa jikoni, Ziwa Mweru

1. Utangulizi

Mwaka 1984, Roger Ulrich alichapisha utafiti uliolinganisha wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao walilala katika vyumba ambavyo madirisha yake yalitazama miti, na nusu nyingine walitazama ukuta wa matofali. Wale walioitazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo. Tangu wakati huo, wasanifu majengo na wataalamu wa ubongo wamekuwa wakishirikiana kuchunguza namna mwanga, kelele, rangi na ukubwa wa chumba vinavyoathiri fikra na hisia za binadamu.

Elimu hiyo ina thamani yake, lakini imejengwa juu ya dhana kwamba jengo limekwisha kumkinga mtu dhidi ya hatari za msingi. Dhana hiyo haisimami katika ufuo wa Mweru. Mtoto anayelala Puta usiku wa masika haathiriwi kwanza na mandhari ya dirishani. Anaathiriwa na nafasi ya upana wa kiganja iliyoachwa pale ukuta unapokoma na paa linapoanza. Kupitia nafasi hiyo mbu huingia, moshi hutoka na hewa ya moto hupumua. Katika makala haya nafasi hiyo tunaiita mwanya wa paa, na ndiyo itakayokuwa kitovu cha mjadala wetu.

Makala yanajibu maswali mawili. Kwanza, ni kwa njia zipi nyumba ya ufuo wa Mweru huathiri ubongo na afya ya wakaazi wake? Pili, maarifa hayo yanamtaka mtunga sera afanye nini? Mkabala uliotumika ni wa uchambuzi wa tafiti zilizochapishwa. Hatuwasilishi takwimu mpya za uwandani. Pale ambapo ushahidi unatoka mbali na Mweru, tunataja mahali ulipotoka ili msomaji aupime mwenyewe.

2. Ufuo na nyumba zake

Ziwa Mweru liko kiasi cha mita 917 juu ya usawa wa bahari, nalo hugawanywa na mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Upande wa Zambia, Jimbo la Luapula, kuna Nchelenge na Kashikishi, na kaskazini zaidi, wilayani Chiengi, kuna Puta, eneo la chifu wa Wabwile. Ng'ambo ya ziwa kuna Kilwa na Pweto, ambako Kiswahili ni lugha ya soko na ya bandari. Mwaka 2017, mapigano katika majimbo ya Tanganyika na Haut-Katanga yaliwalazimisha maelfu ya Wakongo kuvuka mpaka, na mwanzoni mwa mwaka 2018 makazi ya wakimbizi ya Mantapala yalifunguliwa wilayani Nchelenge. Kwa sababu hiyo, mjadala wa nyumba na afya katika ufuo huu hauwezi kuendeshwa kwa Kiingereza na Kibemba peke yake. Kiswahili nacho kina dhamana ndani yake.

Nyumba za vijijini katika eneo hili, kwa jumla, ni za matofali ya udongo, mabichi au ya kuchoma, na huezekwa kwa nyasi au mabati. Sakafu nyingi ni za udongo. Madirisha huwa madogo, na milango hutengenezwa kwa mbao zisizokutana sawasawa na fremu. Wavuvi, ambao hufuata samaki kwa msimu, hujenga pia vibanda vya muda katika kambi za uvuvi. Ujenzi wa namna hiyo hauwezi kutarajiwa kuwa na dari wala wavu wa dirishani.

Nyumba hii si zao la ujinga. Paa la nyasi hupunguza ukali wa jua. Mwanya wa paa hutoa moshi na kuingiza hewa. Insaka, banda la wazi lisilo na kuta ambalo Wabemba na jirani zao hulitumia kwa mazungumzo, mlo na mafunzo ya vijana, huwatoa watu ndani wakati wa mchana. Tatizo ni kwamba muundo uliotatua shida ya joto na moshi uliacha mlango wazi kwa mbu, na mbu wa Mweru ni wengi.

3. Njia nne za nyumba kuufikia ubongo

3.1 Mbu

Nchelenge ni miongoni mwa maeneo yenye maambukizi makali zaidi ya malaria nchini Zambia. Kwa zaidi ya muongo mmoja imekuwa kituo cha utafiti wa kimataifa unaozihusisha taasisi za Zambia, ikiwemo Tropical Diseases Research Centre ya Ndola. Msambazaji mkuu wa vimelea katika eneo hili ni Anopheles funestus, anayezaliana katika maji ya kudumu yenye majani, kama vile vinamasi vilivyo kando ya ziwa na mito yake. Kwa hiyo, maambukizi hayakatiki kabisa hata mvua zinapokwisha. Vyandarua vimegawiwa na dawa ukoko imepuliziwa majumbani. Hata baada ya dawa aina ya pirimifosi-methili kuanza kutumika, watafiti waliona kwamba maambukizi yalipungua kwa kiasi cha wastani tu.

Tabia ya mbu huyu inaeleza nafasi ya nyumba. Huvutwa na harufu ya binadamu na hewa tunayoipumua, ambazo huvuja kupitia mwanya wa paa. Anapofika ukutani hupanda juu kuufuata ukuta, kisha huingia pale ukuta unapokoma. Huuma usiku wa manane watu wakiwa wamelala, na mara nyingi hupumzika ndani. Kwa maneno mengine, nyumba ndiyo mahali pa kukutania kwa mbu na ubongo wa mtoto.

Kauli hiyo haitiwi chumvi. Katika malaria ya ubongo, chembe nyekundu za damu zilizoambukizwa hung'ang'ania kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo na kuzuia mtiririko wa damu. Uchunguzi wa picha za ubongo uliofanywa Blantyre, Malawi, na kuchapishwa mwaka 2015, ulionesha kwamba asilimia 84 ya watoto waliofariki kwa ugonjwa huo walikuwa na uvimbe mkali wa ubongo, ikilinganishwa na asilimia 27 ya walionusurika. Kunusurika nako si mwisho wa habari. Watoto waliofuatiliwa Kampala, Uganda, kwa miaka miwili baada ya kuugua walionekana kuwa na upungufu wa uwezo wa utambuzi kwa kiwango cha takriban mmoja kati ya wanne, kiwango kinachozidi mara tatu kile cha watoto wa jamii hiyohiyo ambao hawakuugua.

Malaria isiyo kali nayo huacha alama. Huko Bondo, magharibi mwa Kenya, wanafunzi wa shule za msingi waliopewa dawa za kuzuia malaria kwa vipindi walipata upungufu wa damu kwa karibu nusu ya kiwango cha wenzao, na uwezo wao wa kuzingatia jambo kwa muda mrefu uliongezeka. Mwalimu wa Nchelenge anayelalamika kwamba wanafunzi wake hawasikilizi huenda anaeleza, bila kujua, hali ya damu yao na ya nyumba walizolala.

3.2 Moshi

Kuni na mkaa vinapochomwa bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi na chembechembe laini ambazo hupenya mapafu na kuingia katika mzunguko wa damu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa ya majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na kiharusi, ambacho ni ugonjwa wa ubongo, ni mojawapo ya sababu kuu za vifo hivyo. Kwa mtoto aliye tumboni, kaboni monoksidi huchukua nafasi ya oksijeni katika damu ya mama. Utafiti mdogo wa Guatemala uliochapishwa mwaka 2012 ulihusisha kiwango cha gesi hiyo ambacho mama alikipata katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito na matokeo hafifu zaidi ya mtoto katika baadhi ya majaribio ya utambuzi alipofikisha miaka 6 hadi 7.

Katika ufuo wa Mweru, moto una kazi zaidi ya kupika. Samaki hukaushwa kwa moshi, na usiku wa baridi au wa mvua moto huhamia ndani. Hapo ndipo mwanya wa paa unapokuwa rafiki: bila huo, moshi hauna pa kutokea.

3.3 Joto na usingizi

Ubongo huimarisha kumbukumbu za mchana wakati wa usingizi. Chumba chenye joto huukatakata usingizi huo. Huko Boston, Marekani, wakati wa wimbi la joto la mwaka 2016, wanafunzi wa chuo waliokuwa wakilala katika mabweni yasiyo na viyoyozi walikuwa wazito zaidi kujibu majaribio ya utambuzi kila asubuhi kuliko wenzao waliolala penye ubaridi. Ikiwa vijana wenye afya njema waliathirika ndani ya siku chache, athari za joto la miezi mingi kwa mtoto mwenye upungufu wa damu hazipaswi kupuuzwa.

Paa la bati lisilo na dari hupokea joto la jua na kulishusha moja kwa moja chumbani, na kuta za matofali hulihifadhi hadi saa za kulala. Athari nyingine si ya moja kwa moja, lakini ni nzito: tafiti nyingi za matumizi ya vyandarua zimeonesha kwamba joto ni mojawapo ya sababu kuu zinazotajwa na watu wasiovitumia. Nyumba yenye joto, basi, huwatoa watu chini ya chandarua na kuwakabidhi kwa mbu.

3.4 Sakafu

Njia ya nne haihusu mwanya wa paa, lakini ndiyo yenye ushahidi ulio wazi zaidi kuhusu ubongo. Katika jimbo la Coahuila, Meksiko, mpango wa serikali ulioitwa Piso Firme uliweka sakafu za saruji katika nyumba zilizokuwa na sakafu za udongo. Watafiti walilinganisha familia hizo na familia za miji jirani ya jimbo la Durango ambayo haikuwa na mpango huo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalikadiria kwamba kubadilisha sakafu yote kulipunguza maambukizi ya minyoo na vimelea vingine kwa watoto kwa asilimia 78 na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Alama za watoto katika majaribio ya ukuaji wa akili zilipanda, na akina mama waliripoti sonona na msongo wa mawazo kwa kiwango cha chini zaidi.

Maelezo yake ni mepesi. Sakafu ya udongo huhifadhi mayai ya minyoo, vimelea vya kuhara na funza. Mtoto anayetambaa huvila. Mwili hutumia chakula kupigana na maradhi badala ya kujenga ubongo katika miaka ambayo ubongo hukua kwa kasi zaidi.

4. Ukinzani: tiba moja, tatizo jingine

Kutokana na maelezo hayo, mtu angeweza kuamua haraka: tuzibe mwanya, tuezeke bati, tugawe majiko sanifu, tumwage saruji. Ushahidi unatutaka tupunguze kasi.

Kuweka nyavu kuna mafanikio ya muda mrefu. Mwaka 1900, madaktari Low na Sambon waliishi msimu mzima wa malaria karibu na Ostia, Italia, katika nyumba yenye nyavu, nao hawakuugua. Huko Gambia, jaribio lililochapishwa mwaka 2009 lilionesha kwamba nyavu kwenye milango na madirisha pamoja na kuziba mwanya vilipunguza mbu ndani kwa asilimia 59. Dari ya wavu peke yake ilipunguza kwa asilimia 47. Watoto wenye upungufu wa damu walikuwa asilimia 12 katika makundi hayo mawili, dhidi ya asilimia 19 katika nyumba zisizobadilishwa. Uchambuzi wa takwimu za nchi 21 za Afrika uliochapishwa mwaka 2017 nao ulihusisha nyumba za kisasa na kupungua kwa uwezekano wa maambukizi kwa asilimia 9 hadi 14.

Hata hivyo, jaribio jingine la Gambia, lililochapishwa mwaka 2021, ambapo paa za nyasi ziliondolewa na kuwekwa bati, mwanya ukazibwa na milango ikawekwa nyavu, halikuonesha kinga ya ziada dhidi ya malaria kwa watoto waliokuwa tayari na vyandarua. Majaribio mengine ya nchi hiyohiyo yalikwisha kubainisha kwamba nyumba ya bati iliyozibwa mwanya huwa na joto zaidi, na kwamba milango yenye nyufa humrudishia mbu njia aliyonyimwa juu.

Kuhusu moshi, funzo linafanana. Malawi ilifanya jaribio kubwa lililohusisha watoto zaidi ya 10,000, ambapo familia zilipewa majiko yanayochoma kuni kwa usafi zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 hayakuonesha upungufu wa nimonia. Jiko lilibadilika, lakini chumba, taka zinazochomwa uani na vyanzo vingine vya moshi vilibaki vilevile.

Matokeo hayo hayapingani na hoja ya kuboresha nyumba. Yanaifafanua. Mwanya wa paa ni njia ya mbu, bomba la moshi na kipoza hewa kwa wakati mmoja. Anayeuziba kwa udongo ameondoa vyote vitatu, na nyumba itadai fidia kupitia mapafu au kupitia usingizi. Anayeuwekea wavu, akahamisha moto nje na kuongeza njia nyingine za hewa, ameondoa mbu peke yake.

Tanzania imekwisha kujaribu njia hiyo ya pili. Huko Magoda, mkoani Tanga, na baadaye Mtwara, ambako zilijengwa nyumba 110 zinazojulikana kama Star Homes, wabunifu waliweka vyumba vya kulala ghorofani, wakatumia kuta zinazopitisha hewa lakini si mbu, na wakaingiza jiko, choo na uvunaji wa maji ya mvua katika mchoro mmoja. Kuinua chumba kuna mantiki: jaribio la Gambia lilionesha kwamba kibanda kilichoinuliwa mita 3 kutoka ardhini kiliingiwa na mbu pungufu kwa asilimia 84.

5. Mapendekezo kwa watunga sera

Nyumba ya ghorofa haitajengwa na kila mvuvi wa Puta, wala makala haya hayapendekezi hivyo. Kinachoweza kuhamishwa ni kanuni. Tunapendekeza mambo matano.

Kwanza, nyavu za mwanya na za madirisha zitangulie udongo na saruji. WHO, tangu mwaka 2021, inapendekeza kwa masharti uwekaji wa nyavu katika nyumba za makazi. Dari ya wavu chini ya paa la nyasi ni kazi ambayo fundi wa kijiji anaweza kuifanya bila kubomoa chochote.

Pili, kila mpango wa kuhimiza mabati uhimize pia dari, upenu mpana na madirisha mawili yanayokabiliana. Idadi ya watu wanaoishi katika nyumba zilizoboreshwa kusini mwa Sahara ilipanda kutoka asilimia 11 mwaka 2000 hadi asilimia 23 mwaka 2015. Watu wanajenga tayari. Swali ni kama watajenga nyumba yenye bati peke yake au nyumba yenye bati na pumzi.

Tatu, moto utoke chumbani. Insaka inatoa mfano ambao jamii inaujua: jiko la wazi lenye paa, lililo mbali kidogo na vyumba vya kulala, kwa kupikia na kwa kukaushia samaki.

Nne, majengo ya umma yawe shule ya ujenzi. Mwaka 2022 Zambia iliongeza Mfuko wa Maendeleo wa Majimbo ya Uchaguzi kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo. Madarasa, zahanati na nyumba za walimu zinazojengwa kwa fedha hizo zikiwa na nyavu, dari na hewa ya kutosha zitafundisha mafundi wa eneo na kuwaonesha wanakijiji kinachowezekana.

Tano, makazi ya wakimbizi yasisubiri. Familia inayohama kutoka turubai kwenda matofali huamua ndani ya wiki chache mahali pa dirisha, jiko na mwanya, na uamuzi huo hudumu miaka mingi. Maelekezo ya ujenzi kwa Kiswahili, yenye michoro, yatolewe Mantapala pamoja na vifaa vya ujenzi, kabla ukuta wa kwanza haujainuka.

Upande wa utafiti, tathmini za nyumba zisihesabu mbu na homa tu. Zipime pia usingizi, upungufu wa damu, mahudhurio ya shule na uwezo wa utambuzi. Tusipoupima ubongo, tutaendelea kuona gharama ya nyumba bila kuona faida yake.

6. Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba katika ufuo wa Mweru ubunifu wa nyumba huufikia ubongo kwa njia nne: mbu, moshi, joto na sakafu. Njia tatu kati ya hizo hukutana katika mwanya mmoja wa paa. Kukutana huko ndiko kunakoeleza kwa nini hatua za upande mmoja zimeleta matokeo ya kusuasua, na kwa nini wizara ya afya, ya elimu na ya nyumba haziwezi kufanya kazi hii kila moja kwa mlango wake. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba ya Puta, funzo letu ni kwamba ufa huo uzibwe kwa wavu, ili mbu akose njia na mtoto asikose hewa.